Ng'ombe wa Mchana

24 Februari 2002, Kilosa

Nimelianza daftari hili kwa sababu mtu mwenye bahati kama yangu asipoandika mwenyewe, watu watakuja kusema ni hadithi. Mimi Melkizedek, Meki wa stesheneri, nilizaliwa na nyota. Lori lilipinduka nami Kitonga, dereva akavunjika nyonga, mimi utingo nikatoka na chapati yangu mkononi, haijashika hata vumbi. Nimefika Lusaka, Lubumbashi na Mombasa. Kidato cha pili nilikiacha mimi, hakikuniacha. Na bahati yangu haina uchoyo: anayekaa karibu nami naye hupata.

Leo imekuja tena. Bwana Lazaro, mratibu wa tawi la chuo kikuu kule Morogoro, kaingia dukani kwangu na shati limelowa jasho. Chuo chake kinasomesha watu wakiwa makwao, na kina mwanafunzi wa sheria hapa Kilosa asiyeona. Sasa kimeamua vitabu vya masomo viingizwe kwenye kompyuta ili kila mwanafunzi asome, mwenye macho na asiye na macho. Kuna programu inayosoma maandishi kwa sauti. Anatafuta mtu wa kuingiza vitabu.

"Umempata," nikamwambia kabla hajamaliza.

"Unazo kompyuta?"

"Ninayo. Nyingine za mji huu zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama sanduku la bibi harusi. Yangu inafanya kazi."

Tumeshikana mikono. Enzi hizi za soko huria anayesema "ninaweza" kwanza ndiye anayeweza.

26 Februari

Mwanafunzi kaja. Anaitwa Ngoitiko, Mmasai wa bondeni upande wa Kidete. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka trakoma ilipomaliza macho yake. Dada yake Nailantei anamwongoza: yeye kashika ncha moja ya fimbo, kaka kashika nyingine. Nailantei Kiswahili chake ni cha sokoni tu, lakini macho yake, mama yangu, yanakuvua nguo.

"Shikamoo kaka Meki."

"Marahaba mwanasheria! Kaa, kiti kiko nyuma yako."

Kaeleza bila kulia. Mtihani wa sheria umempita mara mbili kwa kukosa kitabu anachoweza kukisoma. Huu wa Juni ni wa mwisho. Atahojiwa kwa mdomo mbele ya jopo, na akishindwa chuo kinamfuta.

"Kwa nini sheria, na si kitu chepesi?" nikamuuliza.

"Ng'ombe wetu wakikamatwa, wanaenda ofisini watu wawili, mkulima na sisi. Mkulima anakuja na mtoto wake aliyesoma. Sisi tunakuja na fimbo."

Alipotoka alipita kwa Ashrafu, jirani yangu muuza chai, ambaye pia ana shamba la mahindi na hawapendi Wamasai. Ashrafu kampa gazeti. "Mwalimu, hebu tusomee habari za leo." Benchi zima likaangua kicheko. Ngoitiko akalifunua gazeti, akalipapasa, akasema, "Wameandika kwamba chai ya Ashrafu ina maji kuliko mto Mkondoa." Tukacheka mara mbili. Ya kwanza nilicheka na Ashrafu. Ya pili nilicheka kwa haki.

3 Machi

Kitabu cha kwanza nimekimaliza kwa siku moja! Nilikilaza ukurasa kwa ukurasa juu ya skana, mashine ikavuta, na sasa kitabu kizima kimo ndani ya kompyuta, herufi kwa herufi, hadi doa la mafuta la msomaji wa zamani. Gaudiosa, mchapaji wangu, alitaka achape kwa mkono. Nikamwambia dunia imeshatoka huko.

4 Machi

Aibu. Ngoitiko kavaa hedifoni, nikaweka programu yake. Inasoma kwa sauti ya Mzungu mwenye mafua. Ukurasa wa kwanza ikasema neno moja: picha. Wa pili: picha. Wa tatu: picha. Yeye akaendelea kubonyeza taratibu, uso umeinuka, kama mtu anayesubiri mvua ianze.

"Kaka Meki, kitabu hiki ni cha picha tupu?"

Kumbe skana haichukui maneno, inapiga picha ya maneno. Mwenye macho anaona kitabu. Yeye anaambiwa kuna picha ukutani, basi. Nikasema nilikuwa najaribu mitambo.

Gaudiosa kacheka mpaka kashika meza. "Bosi, dunia imetoka huko, wewe umebaki huku."

9 Machi

Tunachapa. Gaudiosa asubuhi, mimi jioni. Kiingereza cha sheria ni kama ugali uliopoa, unakitafuna na hakishuki. Sikielewi, nakichapa tu.

10 Machi

Mvua. Umeme hakuna.

17 Machi

Leo nimejua kwamba mimi ni mwalimu niliyepotea njia. Kitabuni mna mchoro wa mahakama: ya mwanzo chini, juu yake ya wilaya, hivyo hivyo mpaka ya rufani kileleni. Programu haiwezi kuusoma. Ngoitiko akasema, "Mchoro nao nielezee kwa maneno, kaka. Wenzangu wanauona, nami niuone." Nikaandika kwa Kiingereza changu cha barabarani: fikiria ngazi ya kupandia darini, kila kipandio kina hakimu, na kadiri unavyopanda ndivyo hakimu anavyokuwa mnene na wakili wako anavyokuwa ghali.

Kasikiliza, kacheka, kasikiliza tena. "Hapa ndipo nilipoelewa kuliko kitabu kizima."

Gaudiosa kasema, "Eleza mchoro, bosi. Unene wa hakimu haumo mchoroni."

Wivu.

28 Machi

Reli imekatika, Mkondoa umebeba tuta huko juu. Kitabu cha pili kilikuwa ndani ya treni ya mizigo iliyokwama, kimefika leo kwa baiskeli ndani ya gunia lililolowa. Kwanza chenyewe kilikuwa nakala ya nakala. Sasa kurasa za katikati, zile za mifugo na mashamba, yaani zile hasa anazozitaka, wino umetapakaa kama masizi. Unaona mwanzo wa kesi: mtu fulani ana ng'ombe, jirani yake ana shamba, ng'ombe kaingia. Baada ya hapo ni wingu tupu.

Nilimwambia Ngoitiko kitabu kitakuwa tayari Jumanne. Nilimwambia mbele ya watu.

30 Machi

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Gaudiosa alifika kwenye zile kurasa, akaacha kuchapa. "Hapa tuandike kwamba hapasomeki. Halafu tumpigie Bwana Lazaro atutafutie kitabu kingine."

"Reli imekatika."

"Basi asubiri. Bora kusubiri."

"Kijana kasubiri vya kutosha, leo tena nimwambie duka la Meki limeshindwa?"

"Hujashindwa wewe, imeshindwa karatasi. Andika neno moja tu, bosi: hapasomeki. Litakuua?"

Nikamwambia aende nyumbani, nitamalizia mwenyewe. Nikakaa. Nikaitazama ile karatasi upande huu na ule, nikaipeleka dirishani. Nikawaza: kesi ya ng'ombe, jambo gani hapa gumu? Nimeishi Kilosa, kesi za ng'ombe nimezisikia kuliko adhana. Hakimu mwenye akili angesemaje? Nikaandika. Nikaandika kwamba jaji alisema ng'ombe anayeingia shambani usiku ni mwizi, na mwenyewe atalipa. Lakini ng'ombe anayeingia mchana ni mgeni, na mgeni hapigwi wala hakamatwi, hutolewa kwa maneno. Jaji nikampa jina la tajiri wangu wa zamani wa malori kule Ndola, ili liwe na uzito. Ilikuwa tamu. Nikaongeza ya pili, ya mbuzi.

Sikuifanya kwa ubaya. Nilitaka asikute shimo pale anapokanyaga.

2 Aprili

Nimemkabidhi Jumanne kama nilivyosema. Analetwa kila siku, anakaa kwenye kona yangu anasikiliza kwa hedifoni, midomo inachezacheza.

6 Aprili

Ngoitiko kanishika mkono leo, kaung'ang'ania. "Kaka, nimeipata. Ng'ombe wa mchana! Kitabu chote kinanena kama ukuta, pale tu mwandishi kazungumza kama mtu. Nimeishika yote." Akaisoma kwa kichwa, neno kwa neno, pamoja na mahali nilipokosea Kiingereza. Watu hawa wakisikia kitu mara mbili kimekwisha, kama walivyoshika rangi za ng'ombe wa babu zao.

Kaniletea kibuyu cha maziwa. Nilitaka kumwambia, lakini maziwa yalikuwa mdomoni.

9 Aprili

Mvua. Sijamwambia.

11 Aprili

Mvua. Kaleta maziwa tena. Sijamwambia.

19 Aprili

Kwa Ashrafu leo. Ngoitiko anakunywa chai, Ashrafu kaanza kuhusu ng'ombe walioingia kwenye mahindi yake.

"Waliingia saa ngapi, mzee?" Ngoitiko kauliza kwa upole.

"Mchana kweupe! Wewe utaona wapi, lakini wenye macho waliona."

"Kama ni mchana, kisheria ni wageni." Akaimwaga yote, kesi, jaji wa Ndola, maneno ya hukumu. Akatafsiri kwa Kiswahili safi cha mwalimu. Mtu mmoja akasema, "Duh, kumbe iko hivyo."

Ashrafu kanigeukia. "Meki, wewe ndiye uliyechapa. Ni kweli hii kitu imo kitabuni?"

Ngoitiko naye akageuza uso, akitabasamu, akisubiri shahidi wake.

"Imo," nikasema.

Na imo. Niliiweka mimi.

Nimecheka peke yangu dukani, halafu kicheko kikaisha ghafla, nikakaa.

5 Mei

Gaudiosa kanivaa. Kagundua kwa kusikia mitaani, maana Ng'ombe wa Mchana sasa inajulikana mpaka stesheni.

"Mwambie."

"Itamvunja moyo karibu na mtihani."

"Na mtihani utamvunja nini?"

"Huenda wasimuulize ng'ombe kabisa."

"Bosi, wewe una roho nzuri, lakini mdomo wako umeipita roho umri. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Nimemwapia kwamba nitamwambia safarini, maana Ngoitiko kaomba nimsindikize Morogoro. Kasema, "Uje, wamwone mtu aliyenifungulia kitabu."

20 Mei

Mvua inapungua. Sijamwambia.

2 Juni, Mikumi

Tumelala hapa. Kilosa mpaka Mikumi tulikuja nyuma ya pikapu juu ya viroba vya mchele, tope mpaka kwenye meno, kisha tukachukua basi kuelekea Morogoro. Basi likaharibika ndani ya mbuga, likavutwa mpaka hapa tena. Lakini kilichotokea kilitokea tukiwa mbugani, kabla ya kuharibika.

Ngoitiko alikaa dirishani, dada yake kati, mimi kwenye njia. "Nieleze, kaka. Kuna nini?" Nikamweleza: nyasi, twiga, nyati wamesimama kama wazee wa kamati. Anafurahi kama mtoto. Basi nami nikapanda. "Simba! Ngoitiko, simba dume, yuko juu ya kichuguu, anatutazama sisi!" Akasimama kabisa, mkono kwenye kioo. "Yuko wapi? Upande gani? Mkubwa?" Abiria wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mwongezee na chui, bwana, nauli kalipa." Kicheko kikaenda mpaka kwa dereva.

Nailantei akasema kitu kwa Kimasai, taratibu. Ngoitiko akakaa.

"Dada yangu anasema hakuna simba."

"Nilikuchangamsha tu, mdogo wangu."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, si ya ugomvi, ya mtu anayetaka kujua njia. "Na kwenye kitabu, kaka, hukunichangamsha?"

Hapo. Hapo hasa. Mungu hawezi kukupa mlango mpana kuliko ule. Nailantei alikuwa ananitazama. Abiria walikuwa bado wanacheka. Nikasema, "Aa, kitabu ni kitabu."

"Nashukuru," akasema, na uso wake ukafunguka. Sasa hivi yupo chumba cha pili anarudia kesi zake kwa sauti. Ukuta wa gesti ni mwembamba, namsikia. Kafika kwa jaji wa Ndola.

4 Juni, Morogoro

Watahini wa jopo walikuwa watatu, mwanamke mmoja wanaume wawili, wamekaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Mimi na Nailantei tuliwekwa barazani, mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto. Naandika nikiwa gesti.

Mwanzo alikuwa anawashinda. Mahakama, rufani, mikataba, anajibu kama bomba. Yule mwanamke akasema, "Vizuri sana, mwalimu." Nikasema moyoni, nyota yangu hiyo.

Kisha mzee wa katikati akauliza kuhusu mifugo inayoingia katika mashamba.

Ngoitiko akakaa sawa. Akatabasamu. Akaisoma Ng'ombe wa Mchana tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa heshima akamtaja jaji.

Wakatazamana. Halafu yule mtahini kijana wa kulia akafanya kama anakohoa. Halafu wote watatu wakacheka, kicheko cha watu wazito wasiokizoea, kinachotoka kwa vipande. "Mgeni!" mzee akasema akifuta macho. "Ng'ombe ni mgeni! Jaji huyu alikuwa anachunga wapi?"

Ngoitiko naye akacheka kidogo. Alidhani wanafurahi naye.

"Umeitoa wapi kesi hii?" yule mwanamke akauliza.

"Kwenye kitabu chenu, mheshimiwa. Kitabu cha pili, katikati."

Wakafungua kitabu chao, kikavu, kizuri. Wakageuza kurasa. Kicheko kikafa. "Haimo. Hapa pana kesi nyingine, na hukumu yake ni kinyume cha hiyo. Na baada yake ulisoma nini?" Ngoitiko akaisoma ya mbuzi pia, maskini, kwa sauti iliyoanza kupotea. Haimo.

Mzee akasema, "Kijana, kushindwa si kosa. Kutunga sheria mbele ya wanasheria ni udanganyifu."

"Sikutunga. Aliyenichapia yuko hapo nje. Muulizeni. Ni mtu mkweli."

Wakaniita. Niliingia. Ngoitiko aligeuza uso kuelekea nyayo zangu, akanyoosha mkono kidogo, kama kunikaribisha. Mzee akanitazama juu ya miwani. Alikuwa na suti. Mimi nilikuwa na shati la mitumba lenye jina la mtu mwingine kifuani.

"Wewe ndiye uliyeingiza kitabu kwenye kompyuta?"

"Ndiyo mheshimiwa."

"Ulielewa ulichokuwa unachapa? Umesoma mpaka wapi?"

Nikasema, "Kidato cha sita, mheshimiwa."

"Uliongeza chochote kisichomo kitabuni?"

Nilijua jibu. Lilikuwa neno moja. Lakini neno hilo lilikuwa nyuma ya lile la kidato cha sita, na nyuma yake Lusaka, na chapati ya Kitonga, foleni nzima ya maneno yangu, na ningelitoa hilo yangeanguka yote mbele ya suti.

"Nimechapa kama kilivyo," nikasema.

Mkono wa Ngoitiko ukashuka.

Hakubisha. Mzee akaandika. Wakamwambia amefutwa, na kwamba ni kwa udanganyifu, kwa hiyo hawezi kuomba tena chuo hicho. Nailantei aliingia bila kuitwa, akamwekea ncha ya fimbo kiganjani.

5 Juni

Tumerudi basi moja. Wao walikaa mbele, mimi nyuma.

6 Juni

Gaudiosa kaniuliza, "Ulimwambia?" Nikamweleza. Kachukua kanga yake na kitana chake kwenye droo, kaondoka.

16 Juni

Nimekwenda kwa Ngoitiko. Nilitembea kutoka relini mpaka kwenye boma lao, jua kali, mvua imekwisha kabisa. Alikuwa amekaa kivulini anakanda ngozi ya kusukia kamba. Nikasema hodi. Alinijua kwa sauti. Hakunipa shikamoo. Mimi mkubwa kwake kwa umri wa kutosha, na ni mtu ambaye hata Ashrafu alipomdhihaki alimwamkia. Akasema tu, "Kiti kipo."

Nikamwambia yote. Ukurasa uliolowa, Gaudiosa, jaji wa Ndola. Niliongea muda mrefu. Nikalia pia, sikusudii kuficha.

Akasubiri nimalize. "Nilijua palepale mbele ya jopo," akasema. "Uliposema kidato cha sita. Ulishaniambia ya Lusaka na ya Mombasa, ya kidato cha sita hukuwahi kuniambia. Nikajua sasa anatunga, na bado hajamaliza."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sheria imenifundisha kwamba siye mimi wa kuambiwa. Nenda ukawaambie wao."

"Watanisikiliza?"

"Sijui. Mimi walinisikiliza."

Nailantei akanipa maziwa, kwa sababu mgeni hupewa. Nikayanywa yote. Tulipoagana Ngoitiko aliniambia ng'ombe wao wamekamatwa tena kwenye mahindi ya Ashrafu. Baba yake alikwenda ofisini akasema wameingia mchana, kwa hiyo ni wageni. Wamemcheka mpaka barabarani.

20 Juni

Nitampigia Bwana Lazaro kesho.

21 Juni

Kesho.

23 Juni

Bwana Lazaro kapiga mwenyewe, kwenye simu ya dukani, nimesimama wima kama askari. Amefurahi. Kasema jopo limependezwa na jinsi nilivyojibu kwa ufupi na ukweli siku ile, mtu wa kuaminika. Chuo kinataka vitabu vyote vya mwaka wa kwanza viingizwe, vya masomo yote, kwa wanafunzi wasioona wa mkoa mzima. Wameamua kazi yote wanipe mimi.

Alikuwa anasubiri. Nilisikia waya unavuma.

"Bwana Melkizedek, upo?"

"Nipo."

"Unasemaje?"

Nikasema, "Asante sana, mheshimiwa. Leteni."

Ashrafu alikuwa mlangoni na birika lake, amesikia yote. Kapiga kofi. "Meki! Wewe kweli una nyota, bwana! Wengine tunalima, wewe unaokota." Kanimiminia chai bure. Nje watu wamekuja kunipa mkono, nami nimewapa wote mkono.

Vitabu vinakuja wiki ijayo. Sina mchapaji.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hili niliandika kwamba nina bahati, na kwamba anayekaa karibu nami naye hupata. Nilidanganya.